Wakili Mbele ya Wenye Nguvu: Mhadhara Juu ya Sheria ya Utawala na Sheria ya Ushindani



Nasimama mbele yenu jioni hii niseme machache juu ya amali ya wakili aliyeyatoa maisha yake kwa matawi mawili ya sheria: sheria ya utawala, ambayo huzipima amri za wenye dola, na sheria ya ushindani, ambayo huyapima mapatano na hila za wenye mali. Kwa kuwa matawi haya yamestawi sana Uingereza, na kwa kuwa sheria zetu wenyewe zilitoka huko kwa sehemu kubwa, ndiko nitakakokaa kwa muda mrefu wa mazungumzo haya kabla ya kurudi nyumbani. Dai langu ni moja, nami naliweka wazi tangu mwanzo ili kila msikilizaji apate kunipima kwalo: kwamba matawi haya, ingawa hufundishwa katika vyumba mbalimbali na kwa vitabu mbalimbali, yana shina moja, maana yote mawili humuuliza mwenye nguvu maswali yaleyale, yaani ni nani aliyempa haki ya kutenda alivyotenda, ana hoja gani, na alimsikiliza nani kabla ya kutenda.

Ushahidi wa kwanza wa dai hilo ni kesi iliyohusu jambo dogo kabisa, karata za kuchezea. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa amempa mtumishi wa jumba lake, Edward Darcy, idhini ya kuwa peke yake katika ufalme mzima kuingiza, kutengeneza na kuuza karata; mfanyabiashara mmoja wa London, jina lake Allein, akatengeneza na kuuza zake pasipo kumwomba Darcy ruhusa, na Darcy akamshitaki. Mwaka 1602 mahakama iliibatilisha idhini ile, na katika maelezo ya kesi yaliyoandikwa na Edward Coke yametajwa madhara matatu yanayoandamana na biashara iliyowekwa mkononi mwa mtu mmoja: bei hupanda, bidhaa hupungua ubora, na mafundi waliokuwa wakila kwa jasho lao huingia katika ufukara. Kwa hukumu moja mtawala aliambiwa kwamba idhini yake ina mpaka, na mfanyabiashara akaambiwa kwamba faida yake ina mpaka. Wala hapana aliyeona haja ya kuuliza kama kesi hiyo ni ya fani hii au ya fani ile. Bunge likaitia nguvu kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1624.

Baadaye njia zilitengana. Biashara ilipopanuka, na uhuru wa kuafikiana ukatukuzwa kuliko jambo lingine lolote, majaji walisita kuingia katika ugomvi wa matajiri. Wenye meli waliokuwa wakichukua majani ya chai kutoka China walifanya shirika, wakaahidi kuwarudishia asilimia 5 ya nauli wale wateja ambao hawangepakia shehena yao katika meli nyingine yoyote, tena wakapeleka meli zao bandari ya Hankow kushusha nauli makusudi ili meli za kampuni ya Mogul zisipate mzigo wenye faida. Kampuni ya Mogul ilishitaki, na mwaka 1891 Baraza la Malodi likaamua kwamba hasara ilikuwa kweli, lakini hasara itokanayo na mashindano yasiyotumia jeuri wala udanganyifu haina dawa mahakamani. Tangu hapo mfanyabiashara mnyonge hakuwa na kimbilio la maana mpaka Bunge lilipotunga sheria mahsusi, kwanza mwaka 1948, kisha mwaka 1956 lilipoanzisha mahakama ya pekee ya kuchunguza mapatano yenye kuzuia biashara.

Upande wa dola, mahakama hazikulala hivyo. Mjenzi mmoja aliyeitwa Cooper alianza kujenga nyumba katika eneo la Wandsworth, na sheria ya wakati ule ilimtaka mjenzi atoe taarifa kwa bodi ya mtaa siku 7 kabla ya kuanza. Bodi ikasema haikupata taarifa, ikatuma watu wakaivunja nyumba usiku, na sheria, ukiisoma neno kwa neno, iliipa uwezo wa kuvunja. Hata hivyo mwaka 1863 Cooper alishinda, kwa sababu bodi haikumwita ajieleze kabla ya kumtia hasarani. Majaji walisema kwamba pale ambapo sheria imenyamaza, insafu ya mahakama hujaza mahali palipoachwa wazi. Katika hukumu hiyo ilikumbushwa kauli ya jaji wa karne ya 18, ambayo kila msikilizaji wa hapa, awe Mwislamu au Mkristo, ataitambua maana yake mara moja: kwamba hata Mwenyezi Mungu, ambaye hafichwi jambo, hakumtolea Adamu hukumu kabla ya kumwita na kumuuliza.

Naomba mnivumilie nieleze kesi moja zaidi ya zamani, kwani ndiyo inayoyarudisha matawi mawili mahali pamoja. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kusini-mashariki ya Uingereza walilazimika kwa sheria kuiuzia maziwa yao bodi moja, na bodi ikilipa kila jimbo bei yake kwa kuzingatia gharama za usafirishaji zilizokadiriwa miaka mingi nyuma. Gharama zilikuwa zimebadilika, wafugaji wale walidai bei ibadilishwe, lakini ndani ya bodi wajumbe wa majimbo mengine walikuwa wengi kuliko wao, na kila walipopiga kura walishindwa. Wakamwendea Waziri wa Kilimo, ambaye sheria ilimpa uwezo wa kupeleka malalamiko kama hayo kwa kamati ya uchunguzi. Waziri akakataa, na katika barua za wizara yake ikaonekana wazi kwamba alichelea kuwa, kamati ikiwapa wafugaji haki, yeye angetazamiwa kutekeleza. Mwaka 1968, katika kesi iliyobeba jina la Padfield, Baraza la Malodi liliamua kwamba hapana uwezo usio na mpaka: Waziri aliyepewa hiari amepewa ili aitumie kwa ajili ya makusudi ya sheria iliyompa, wala si kwa ajili ya kujiepusha na aibu ya kisiasa. Maadamu bodi ile ilikuwa mnunuzi wa pekee na Waziri ndiye mlango wa pekee wa rufaa, ni nani atakayesema kesi hiyo ilikuwa ya utawala tu, au ya soko tu?

Sasa nimgeukie wakili mwenyewe. Uwakili wa Uingereza umegawanyika tangu zamani: wapo mawakili wa ofisini, wanaompokea mteja na kutayarisha nyaraka zake, na wapo mawakili wa mahakamani, ambao kazi yao ni kutoa shauri gumu na kusimama mbele ya jaji. Hawa wa pili sharti wapokewe na kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya London, navyo ni Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, ambamo desturi ya wanafunzi kula pamoja na wakubwa wao ingali inafuatwa. Baada ya mitihani mwanafunzi hutumikia uanagenzi wa miezi 12 chini ya wakili mzoefu, akimfuata mahakamani, akisoma majalada yake na kuandika rasimu ambazo mkubwa wake huzisahihisha bila ya huruma. Akihitimu hujitegemea, hana mshahara, ana chumba katika ofisi ya pamoja na jina lake mlangoni. Wachache huja kuteuliwa, baada ya miaka mingi, kuwa mawakili wa Mfalme, wakavaa joho la hariri.

Kanuni moja ya watu hawa yapasa kutajwa kwa taadhima. Wakili wa mahakamani hana ruhusa ya kumkataa mteja kwa kuwa hampendi au kwa kuwa watu hawampendi. Maadamu shauri liko katika fani yake, ana nafasi, na ujira wa haki umeahidiwa, amewajibika kulipokea. Matokeo yake katika sheria ya utawala ni makubwa, kwa sababu wakili yuleyule ambaye wiki hii anaitetea serikali dhidi ya mhamiaji, wiki ijayo huenda akamtetea mhamiaji mwingine dhidi ya serikali. Na katika sheria ya ushindani, aliyekuwa upande wa kampuni kubwa hukutwa baadaye upande wa duka dogo. Wako wanaoona huko ni kukosa imani. Mimi naona ndiko kunakomfundisha wakili kuzijua hoja za pande zote mbili kutoka ndani, na ndiko kunakomfanya jaji aweze kumwamini anapokiri mahali ambapo shauri la mteja wake ni dhaifu.

Kwa mfano wa maisha ya namna hii nimemchagua Christopher Bellamy, kwa kuwa amali yake imo katika kumbukumbu za umma. Alizaliwa mwaka 1946, akasoma Oxford katika chuo cha Brasenose, akapokewa kuwa wakili na Middle Temple mwaka 1968. Mwaka 1973 Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Ulaya, na kwa ghafula sheria ya ushindani ya Mkataba wa Roma, ambayo mawakili wengi wakubwa wa London walikuwa hawajapata kuisoma, ikawa sheria ya nchi. Mwaka huohuo Bellamy, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 28, alitoa pamoja na mwenzake Graham Child kitabu cha kuieleza sheria hiyo, nacho kimeendelea kutolewa tena na tena hata baada ya waandishi wake wa kwanza kuwaachia wengine kazi. Mnaoanza elimu hii yawapasa kulizingatia jambo hilo: sheria mpya inapoingia, aliye kijana na aliye mzee huanza pamoja, na mwenye bidii ya kuandika ndiye atakayeulizwa na wote.

Aliteuliwa wakili wa Malkia mwaka 1986, akiwa mashuhuri katika sheria ya biashara, ya Ulaya na ya utawala, na kuanzia 1992 hadi 1999 alikuwa jaji wa mahakama ya kwanza ya Jumuiya kule Luxembourg. Katika miaka hiyo mahakama ile ilitoa hukumu ambayo kila mwanasheria wa utawala angepaswa kuijua. Tume ya Ulaya ilikuwa imeziadhibu kampuni za Solvay na ICI kwa makosa katika biashara ya magadi yanayotumika kutengenezea kioo. Lakini katika uchunguzi wake ilijichagulia yenyewe nyaraka zipi zionyeshwe kwa watuhumiwa na zipi zifichwe. Mwaka 1995 mahakama ilizitangua adhabu hizo, ikisema kwamba si kazi ya mshitaki kuamua peke yake ni waraka gani utamfaa mshitakiwa katika kujitetea. Hii ndiyo insafu ileile aliyopewa mjenzi Cooper, safari hii ikipewa kampuni zenye mali nyingi mno. Na haki ambayo tajiri hanyimwi kwa sababu ya utajiri wake ndiyo haki ambayo maskini naye aweza kuitegemea.

Aliporudi nyumbani Bellamy alipewa kuliongoza baraza jipya la kusikiliza rufaa za ushindani chini ya sheria ya mwaka 1998, ambalo tangu 2003 limekuwa Baraza la Rufaa za Ushindani lenye kusimama peke yake. Kwa kawaida shauri husikilizwa na watu watatu, mwenyekiti mwanasheria na wajumbe wawili ambao huweza kuwa wachumi, wahasibu au watu wa biashara. Kesi yao kubwa ya mwanzo ilihusu vidonge vya mofini vinavyotuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani kwa kuyeyuka polepole mwilini. Kampuni ya Napp, iliyokuwa na sehemu kubwa mno ya soko hilo, iliziuzia hospitali vidonge hivyo kwa punguzo lililopita asilimia 90 ya bei iliyotangazwa, huku wagonjwa walio majumbani, na hatimaye hazina ya umma inayowalipia, wakiuziwa kwa bei ya juu. Kwa nini mtu auze kwa hasara mahali pamoja? Kwa sababu mgonjwa aliyeanzishiwa dawa fulani hospitalini aghalabu huendelea na dawa hiyohiyo arudipo kwake, na daktari wa mtaani hapendi kuibadilisha. Basi aliyeushika mlango wa hospitali ameushika na mlango wa nyumba, na mshindani hana pa kuingilia.

Tarehe 15 Januari 2002 baraza liliithibitisha hatia ya Napp, lakini likapunguza faini kutoka pauni milioni 3.21 hadi milioni 2.2, na likaeleza kwamba anayetuhumiwa kwa kosa lenye adhabu kubwa kiasi hicho ana haki ya kudhaniwa hana hatia mpaka uletwe ushahidi wenye nguvu. Wakili aliyelelewa katika sheria ya utawala ataona mara moja kwamba baraza lilikuwa likifanya kazi mbili kwa pamoja: kumzuia mwenye soko asiwaonee wagonjwa, na kumzuia mwenye dola asimwonee mwenye soko.

Kesi nyingine ilikuwa ya watu wadogo. Katika kaunti ya Hertfordshire familia ya Burgess ilifanya kazi ya kushughulikia maiti na mazishi, na mpinzani wao katika kazi hiyo ndiye aliyemiliki mahali pa kuchomea maiti palipowafaa wateja wao, akawafungia mlango. Ofisi ya serikali ya biashara ya haki ilichunguza ikaona hapana kosa. Mwaka 2005 baraza liliutangua uamuzi huo, na badala ya kurudisha jalada ofisini likaamua lenyewe kwamba palikuwa na ukiukaji. Soko lililobishaniwa lilikuwa la vijiji na miji michache, na waliokuwa wakiumia ni wafiwa, watu ambao siku ya msiba hawana moyo wala muda wa kutafuta bei nafuu mahali pa mbali. Elimu ya uchumi ilitumika kupima mwendo wa gari la jeneza, nami naona haikushuka daraja kwa kutumika hivyo.

Kwa upande wa miungano ya kampuni, Bunge liliagiza waziwazi kwamba baraza litumie kanuni zilezile za mapitio ya mahakama zinazotumika kuwapima mawaziri. Mwaka 2003 ofisi ya biashara ya haki iliruhusu kampuni mbili za programu za kompyuta za hospitali, iSOFT na Torex, ziungane bila ya uchunguzi zaidi. Mshindani wao IBA Health alilalamika, na baraza likautangua uamuzi huo kwa kuwa ofisi haikuonyesha sababu za kutosha. Mahakama ya Rufani mwaka 2004 ilikubaliana na matokeo, lakini ikarekebisha sehemu ya hoja za baraza, na Bellamy, aliyekuwa mwalimu wa fani nzima, akafundishwa na walio juu yake kama ambavyo sheria inamtaka kila jaji akubali kufundishwa. Ikiwa kuna mtu bado anashuku kwamba shina ni moja, na aisome kesi hiyo.

Aliuacha uenyekiti wa baraza mwaka 2007. Miaka baadaye serikali ilimwomba achunguze malipo ya mawakili wanaowatetea washitakiwa wasio na uwezo katika kesi za jinai, na mwishoni mwa 2021 alitoa ripoti iliyosema kwamba huduma hiyo imepuuzwa kwa miaka mingi na yahitaji nyongeza ya pauni milioni 135 kwa mwaka, tena kama hatua ya kwanza isiyoweza kupunguzwa. Mwaka 2022 aliingia katika Baraza la Malodi na kuwa waziri mdogo wa sheria. Mtu aliyetumia umri wake kati ya makampuni na tume aliishia kuwapigania mawakili wa washitakiwa maskini. Nami naona hakubadili njia, kwani mshitakiwa aliye peke yake kizimbani ndiye mnyonge wa mwisho mbele ya mwenye nguvu wa mwisho.

Turudi nyumbani. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyotupa Tume ya Ushindani, na rufaa zake huenda kwa Baraza la Ushindani, linaloongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu, ambalo pia husikiliza rufaa dhidi ya wadhibiti wa nishati na maji, wa mawasiliano na wa usafiri. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2010, na katika Katiba ya mwaka huohuo ibara ya 47 imempa kila mtu haki ya kutendewa na watumishi wa serikali kwa sheria, kwa busara, kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya ushindani ya mwaka 2006, na soko la COMESA lina tume yake Lilongwe. Vyombo tunavyo, basi. Na katika kila kimoja, anayelalamikia bei ya umeme, leseni iliyonyimwa au muungano wa makampuni, huyatumia matawi yote mawili kwa pamoja, apende asipende.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi waliopo wasikubali kugawanywa. Anayetaka kuwa wakili wa serikali na ajifunze kusoma mizania ya kampuni na kumhoji mchumi juu ya mipaka ya soko, kwani wizara nyingi zimeshindwa kwa kutokujua biashara. Na anayetaka kuwa wakili wa makampuni ajifunze wajibu wa kusikiliza, wa kutoa sababu na wa kutotumia hiari kwa makusudi mengine, kwani mteja wake leo aliyekandamizwa na ofisi ya serikali huenda kesho akamkandamiza muuzaji mdogo. Nanyi mtakaokaa katika tume na mabaraza, andikeni sababu zenu kwa urefu na kwa uwazi, mkijua kwamba aliyeshindwa ndiye msomaji wenu wa kwanza. Nchi ambayo mwenye dola na mwenye mali hulazimika kujieleza mbele ya jaji mmoja, kwa kanuni moja, ni nchi ambamo mfugaji, mgonjwa na mfiwa wana mahali pa kwenda. Na kupajenga mahali hapo katika ardhi yetu ni kazi yenu.